Bolti Iliyokatikia Kwenye Gari la Baba

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Naro Moru.

Leo mlima haukuonekana kabisa. Tangu asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, na baridi ni ile ya Julai inayomfanya mtu avae soksi juu ya soksi na bado alalamike. Mkono wangu wa kulia una malengelenge, nywele zinanuka moshi, na jicho la kushoto linawasha kwa sababu niliinua miwani ya kuchomelea mapema kama mtu aliyeanza kazi jana. Hata hivyo nina furaha. Nimekaa jikoni kwa mama mkwe wangu na kikombe cha chai, na bolti iko hapa mezani karibu na kopo la sukari. Kila nikiitazama nacheka peke yangu.

Imetoka.

Nianze mwanzo, maana nikisoma haya mwaka ujao nitataka kukumbuka vizuri.

Baba mkwe wangu alituachia gari. Ni stesheni wagoni ya zamani ya Kifaransa, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, yenye kiti kirefu cha mbele kama benchi. Nyumbani hatujawahi kuliita kwa jina la kampuni yake. Ni Gari la Baba, basi. Alipougua lilisukumwa ndani ya kibanda kilicho karibu na zizi la ng'ombe, na huko likakaa. Yeye naye alilala kitandani muda mrefu kabla Mungu hajamchukua. Gari halikutoka tena.

Kama ingekuwa shauri langu, lingekuwa bado limelala huko. Mimi huchomelea mageti na madirisha mjini, nina karakana yangu ndogo kando ya barabara ya Nanyuki, na kazi ni nyingi. Lakini mwezi uliopita Tata Njeri alianguka.

Tata Njeri ni dada mdogo wa mama mkwe wangu. Anaishi Kangari, kule Murang'a kwenye majani chai, ndiko walikozaliwa wote wawili. Kila Krismasi yeye ndiye aliyekuwa anakuja huku na kikapu cha ndizi, kwa sababu alikuwa na miguu mizuri na tumbo lisilo na maneno. Sasa amevunjika nyonga. Yuko kitandani, na daktari amesema mifupa ya umri ule haiungani kwa haraka. Anaulizia dada yake kila siku kwenye simu.

Na dada yake hawezi kupanda gari.

Si mguu, ni tumbo. Maitu, ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu hapa nyumbani, hutapika ndani ya kila gari isipokuwa Gari la Baba. Anasema magari ya siku hizi yananuka kama duka la dawa na viti vyake vinammeza. Nilidhani ni madeko. Tata Njeri alipoanguka tuliazima gari la jirani, zuri, jipya, tukamfunga mkanda na kumpa ndimu anuse. Hatukufika hata Kiganjo. Pale Chaka tulisimama kando ya barabara, nikamshika kichwa huku akitapika na kulia kwa pamoja, kisha tukageuka. Na kutoka Nyeri hadi Kangari ni kona juu ya kona, Othaya, Kiria-ini, Kangema, zote hizo. Siku ile nilielewa kwamba hayakuwa madeko.

Kwa hiyo ama Gari la Baba litembee, ama wale dada wawili wasionane tena. Hakuna aliyelisema hivyo kwa sauti, lakini sote tulilijua.

Mume wangu Kariuki akaanza kazi. Yeye ni mwalimu wa msingi, lakini alikulia chini ya gari lile akimshikia baba yake spana. Akaleta betri, akasafisha kabureta, akabadilisha petroli iliyokuwa inanuka kama rangi ya zamani. Mafundi wawili wa mjini walikuja kuangalia wakatikisa vichwa. Walituambia injini iliyokaa hivyo lazima iwe imeshikana ndani, itabidi kuipasua yote. Kariuki akajaribu tu. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka! Mafundi wakatazamana. Mmoja aliuliza kama tulikuwa tunaiwasha kwa siri. Tulisema hapana, na hatukujua kilichokuwa kimeiokoa.

Lakini furaha haikukaa. Maji yalianza kuruka pale juu, mahali bomba la maji ya moto linapotoka kwenye kichwa cha injini. Gasketi, ile karatasi nene inayoziba kati ya vyuma viwili, ilikuwa imeoza. Kuibadilisha ni kazi ndogo: unafungua bolti tatu, unaweka gasketi mpya, unafunga. Bolti mbili zilitoka kwa shida lakini kwa adabu. Ya tatu ilikataa.

Sasa nimseme mume wangu kidogo, na najua atasoma.

Watu wa hapa Nyeri wanapenda kunitania kwamba mimi nimetoka Chogoria, upande ule mwingine wa mlima, na Mmeru huwa na hasira ya karibu. Nami huwajibu kwamba wanawake wao wenyewe wanajulikana nchi nzima kwa kuwapiga waume, kwa hiyo Kariuki alichagua lililo afadhali. Yeye ndiye mpole wa nyumba. Lakini Alhamisi yule mpole alichukua bomba refu la chuma, akalivisha kwenye spana ili apate nguvu, akavuta kwa mwili wote. Tak. Kichwa cha bolti kikaruka hadi kwenye lishe ya ng'ombe.

"Si ilikuwa inaanza kutoka," akasema.

"Imetoka nusu," nikamwambia. "Nusu ingine utaitoa na meno?"

Kilichobaki kilikuwa kisiki kilichochungulia juu kidogo tu, urefu wa punje ya mahindi, na kutu yake ilikuwa imevimba ikajaa kila upenyo. Niliposhika kwa koleo, kisiki kilimomonyoka kama biskuti. Hapo niliogopa. Kichwa cha injini hii si chuma, ni alumini, laini. Ukitoboa bolti kwa keekee na ncha ikateleza, inaingia kwenye alumini na umeharibu kila kitu. Ukichomelea kwa moto mwingi, alumini inayeyuka kama siagi. Na kichwa kingine cha gari hili hakipo Nyeri, hakipo Nairobi, nimepiga simu mpaka nikachoka. Wale waliokuwa na gari kama hili waliliuza kama chuma chakavu zamani.

Jana tulinywesha kisiki dizeli mchana kutwa. Leo asubuhi nilifunga karakana, siku ya Jumamosi ambayo ndiyo siku yangu ya wateja, nikaleta mashine yangu ya kuchomelea hapa nyumbani kwa mkokoteni wa punda. Nilikuwa na mpango. Unaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, juu ya kisiki, juu ya washa unaweka nati, halafu unajaza chuma katikati ya nati mpaka ishikane na kisiki. Sasa bolti ina kichwa kipya. Tena ule moto wenyewe unailegeza kutu. Nimeshafanya hivyo kwenye majembe ya trekta mara nyingi. Ila jembe la trekta ukiliharibu unapewa lingine.

Nilikuja pia na donge la nta. Baba yangu kule Chogoria ana mizinga, na tangu nikiwa mdogo nimemwona akipaka nta kwenye kila kitu kilichokwama: msumeno, bawaba, hata pete ya shangazi. Chuma kikiwa cha moto ukigusisha nta, inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyufa ambako mafuta hayafiki. Kariuki alicheka kidogo alipoiona. Nilimwangalia, akaacha.

Tukatoa betri, tukapeleka petroli mbali, tukafunika kabureta kwa gunia bichi. Nikiri hapa, kwa sababu sikukiri pale: niliogopa kuliko siku ya harusi. Nilimwona Tata Njeri akisubiri kwenye kile kitanda cha Kangari, na kati yake na dada yake kulikuwa na mkono wangu na cheche.

Nati ya kwanza ilishika. Nikaacha wekundu upotee, nikagusisha nta, ikatoa moshi wenye harufu ya nyumbani kwetu. Nikaweka spana. Nikaisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Halafu nati ikatoka mkononi, yenyewe, bila bolti. Haikuwa imeshika vizuri ndani.

Sikutupa spana. Naandika hili ili lijulikane. Niliiweka chini polepole, nikaenda nje, nikaupiga teke mtungi wa maziwa uliokuwa mtupu.

Nikarudi kuchomelea nati ya pili. Nilikuwa katikati, cheche zinaruka, nikasikia mashine ikinyamaza. Stima zimepotea. Huku kwetu zikipotea Jumamosi huwezi kujua. Kisiki kilikuwa chekundu, nati imeshikwa upande mmoja tu. Niliinua miwani kabla cheche hazijapoa, ndipo jicho likapata lake. Kariuki akasema tungoje na tunywe chai, na mara hii sikumbishia.

Tulikunywa chai haraka upande wa jikoni, chuma kikiwa bado cha moto. Tuliporudi, nilisikia sauti ya maji kabla sijaingia kibandani. Halafu nikasikia "tsssss", kama mtu amemwagia jiko.

Maitu alikuwa amesimama mbele ya gari na jagi lake la bluu la plastiki. Alikuwa amefungua rejeta na anamimina maji ndani, taratibu, kama mtu anayemnywesha ndama. Na kwa kuwa bomba la juu lilikuwa limefunguliwa, maji yalikuwa yanajaa na kutokea pale pale nilipofanya kazi, yanafunika kisiki changu, nta yangu, nati yangu. Mvuke ulimfikia usoni na hakusogea.

Shajara, hasira ilipanda kutoka vidole vya miguu. Nilifungua mdomo. Na pale nikaona rangi ya maji yaliyokuwa yakitoka: mekundu, rangi ya udongo wa Kangari. Kutu tupu. Nikaelewa jambo moja kwa haraka sana. Tulikuwa tumejiuliza jana jioni nzima kwa nini bolti ile imelika namna ile, wakati gari lilikuwa chini ya paa.

"Maitu, haya maji umekuwa ukiweka tangu lini?"

"Kira Jumamosi," akasema, akishangaa swali. "Hii gari haiwezi kaa na kiu. Ni maji ya mto, ya juu kabisa kwa daraja. Iko safi, inatoka kwa mlima. Hakuna maji inaishinda."

Kila Jumamosi. Miaka yote hii, mimi nikiwa karakanani na Kariuki akisahihisha madaftari, Maitu amekuwa akiteremka mtoni na lile jagi. Hapa kwetu kila mtu anaamini hivyo, hata Kariuki, hata mimi: maji ya mlima ni safi, hayana neno, unaweza kuyatia popote. Hakuna anayenunua ile dawa ya kijani ya rejeta inayozuia kutu. Tunasema ni ya watu wa Nairobi wenye maji ya chumvi. Nilimsikia Kariuki akivuta pumzi nyuma yangu. Naye alikuwa ameunganisha mambo: maji, kutu, bolti.

Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa makali. Nisiyaandike. Naamini ningeyasema, kwa kuwa najijua. Kilichoniokoa ni kwamba Maitu hakuwa amemaliza.

Aliweka jagi chini, akafunika rejeta, akaipangusa kwa ncha ya leso. Kisha akasema, "Sasa songa kidogo, Mama Wambui."

Ananiita Mama Wambui, na Wambui ni yeye mwenyewe, maana binti yetu wa kwanza alipewa jina lake kama desturi inavyotaka. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye niliyemzaa mama mkwe wangu, na yeye hupenda kunikumbusha hivyo anapotaka kitu.

Nikasonga. Akainama nyuma ya magunia ya makaa, akatoa chuma kirefu kilichopindwa. Hendeli ya gari, ile ya zamani ya kuamshia injini kwa mkono. Mimi nilidhani ilishapotea. Ilikuwa inang'aa pale mikono inaposhika. Akaipenyeza kwenye tundu lililo chini ya bampa bila hata kutazama, akaegemeza kifua chake juu yake, mwili wote mdogo ule, akasubiri. Injini ikalia kidogo ndani. Hendeli ikashuka nusu mzunguko, polepole sana, ikasimama.

"Maitu, unafanya nini?" Kariuki aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Naigeuza."

"Kwa nini?"

Alimwangalia kama vile ameuliza kwa nini watu hula.

"Si baba yako uliona venye alikuwa. Daktari alisema nimpatie maji kidogo kidogo, na nimgeuze. Ati mtu akirara upande moja tu, anashikana, anaoza. Nikamgeuza mpaka ile siku." Akachomoa hendeli na kuipangusa. "Alipoenda, nikaona gari yake imerara vile vile. Sasa niiwache ioze?"

Ng'ombe walikuwa wanatafuna upande wa pili wa mbao.

Nakumbuka jinsi alivyomuuguza. Sote tulikuwa tunakuja na matunda na kukaa kidogo na kurudi kazini, na yeye alibaki. Kijiko cha maji, kisha kijiko kingine. Halafu anapitisha mkono chini ya bega lake, mwingine chini ya nyonga, anamwambia jambo dogo sikioni, anamgeuza. Baba hakupata kidonda hata kimoja. Muuguzi aliyekuwa anakuja kutoka mjini alikuwa akishangaa. Baada ya mazishi tulimwambia Maitu sasa apumzike, na tulidhani anapumzika.

Ndiyo sababu injini ilikuwa haijashikana. Yale maji yake yalikula bolti, na ile mikono yake iliokoa kila kitu kingine. Mafundi wa mjini walikuwa sahihi: injini iliyokaa hivyo hushikana. Hii haikukaa hivyo. Kuna mtu aliyekuwa akiigeuza.

Kariuki alitoka nje akaenda nyuma ya kibanda. Nikamwacha. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya Maitu na hasira yangu yote ikiwa imegeuka kitu kingine, na sikujua niweke wapi mikono. Mwishowe nilimshika yake. Ilikuwa baridi kwa maji ya mto.

"Asante," nikamwambia.

"Ya nini?" akasema. "Ebu toa hiyo kitu yako tuende."

Stima zilirudi tukiwa bado tumesimama pale. Nikakausha kisiki kwa kitambaa, nikakata ile nati iliyoshika upande mmoja, nikaweka nyingine mpya. Safari hii sikuogopa. Nilianza katikati kabisa, kwenye kisiki chenyewe, nikakijaza mpaka juu bila kugusa alumini. Nikangoja wekundu ufifie. Nikagusisha nta pande zote, ikazama. Maitu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, leso kichwani, akiangalia kama anayeangalia ng'ombe akizaa.

Nikashika spana kwa vidole viwili tu. Mbele kidogo. Haikwenda. Nyuma kidogo. Mbele tena. Kariuki alikuwa amerudi, macho mekundu, na nilihisi anataka kuniambia niongeze nguvu lakini akajizuia. Nadhani lile bomba lake la Alhamisi limemfunza. Nyuma. Mbele.

Ikalia.

Nyinyi msiofanya kazi ya chuma hamwezi kujua utamu wa sauti ile. Ni mlio mwembamba, kama mlango wa kanisa ukifunguliwa na mtu aliyechelewa. Nikasimama. Nikaweka nta tena. Nikarudisha nyuma kidogo nilipotoka, nikaja mbele, ikaja nami zaidi. Nikarudisha, nikaja. Sikuivuta; niliizungumzisha. Ilitoka uzi kwa uzi, mzunguko baada ya mzunguko, imejaa kutu na nta, moto bado, na ilipoachia uzi wa mwisho ilibaki imening'inia kwenye spana yangu.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Maitu naye akapiga vigelegele vitano, kama aliyepata mtoto wa kiume. Kariuki alinikumbatia na miwani yangu ikaanguka ndani ya maji mekundu.

Nyuzi ndani ya alumini, zile zinazoshika bolti, ziko nzima. Nimeziangalia kwa tochi, nimepitisha bolti mpya kwa vidole tu na ikaingia mpaka chini. Ukiniuliza kilichoitoa, nitakwambia ni kuchomelea vizuri. Kariuki, aliyeicheka nta, sasa anasema ni nta na hataki kusikia lingine. Maitu anasema ni maji yake, kwamba kile kisiki kilikuwa cha moto akakimwagia maji baridi, kikashtuka kikaachilia. Na kusema kweli, hilo nalo linawezekana. Mafundi wengine hufanya hivyo kwa makusudi. Sitabishana naye.

Tulisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Kariuki akatia ile dawa ya kijani. Maitu aliiangalia kwa wasiwasi akauliza kama itaumiza gari, tukamwambia haitaumiza. Hatukumwambia habari ya kutu. Tulikubaliana kwa macho, mimi na Kariuki, na naona tulifanya vyema. Hata kama angejua, angechukua jagi lake aende mtoni vile vile, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa nalo la kutoa.

Injini ikawaka. Tukangoja ipate joto. Hakuna hata tone. Maitu akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kile kiti kirefu, akashusha kioo kidogo, akaweka kiwiko dirishani. Tulizunguka mpaka barabara kuu na kurudi. Hakutapika. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, na mimi nyuma nikawa nafuta macho na kusingizia moshi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kufika.

Kariuki alimwambia kwamba kesho tutaondoka asubuhi na mapema, tushinde na Tata Njeri, jioni turudi kwa sababu Jumatatu kuna shule. Maitu akaitikia, akaenda chumbani. Alirudi na mzigo, na haukuwa mzigo wa mtu wa kushinda. Nguo. Biblia. Lile shuka la plastiki lililokuwa chini ya Baba, limeoshwa na kukunjwa vizuri. Na jagi la bluu.

"Maitu, ni siku moja tu," Kariuki akasema.

"Nyinyi ni siku moja," akasema. "Mimi nitabaki. Njeri amerara chari tangu aanguke. Nani anamgeuza?"

Halafu akaninyooshea hendeli. Aliniambia niitunze, na kwamba gari likianza kutembea halina haja ya kugeuzwa, lakini siku likilala nisisahau.

Mimi nilidhani natoa bolti ili mama mkwe wangu akaone dada yake na kurudi. Yeye tangu mwanzo alikuwa anaenda kazini. Nilihisi uchungu kidogo, kusema ukweli, maana nyumba hii bila yeye sijawahi kuijua. Lakini uchungu umefunikwa na shukrani mpaka siupati vizuri. Nashukuru kwa nta ya baba yangu. Nashukuru kwa stima zilizopotea, maana zisingepotea nisingekunywa chai, na nisingekunywa chai nisingemkuta na lile jagi. Nashukuru kwamba kuna mahali hasira yangu iliishia leo kabla haijafika kwake.

Hendeli nimeitundika mlangoni, hapa ninapoiona.

Kesho kwenye kona za Kiria-ini nitakaa nyuma yake, na kabla hatujafika Kangari nitamwomba anifundishe: mkono unapita wapi chini ya bega, wapi chini ya nyonga, na ni neno gani husemwa sikioni ili mtu asiogope. Nataka nijifunze angali anaweza kunionyesha. Siku itafika atakuwa yeye kitandani, na sitaki nianze kujifunza siku hiyo.